Jirani wa Ushirika Akifariki: Mwongozo Kamili wa Kumuenzi Mkazi wa Siku Nyingi

Mtaani kwetu alifariki bibi mmoja aliyekuwa mweka hazina wa kwanza wa chama chetu cha ushirika wa nyumba. Alikuwepo tangu eneo hili likiwa mikorosho na vichaka, tukiweka akiba ya shilingi 200 kwa siku chini ya mwembe. Siku ya pili ya msiba mpwa wake, aliyefika usiku kwa basi kutoka mkoani, alinivuta pembeni akaniuliza, "Samahani mzee, hivi shangazi alikuwa anafanya kazi gani hapa?"

Kwao alikuwa shangazi anayetuma pesa za ada kila Januari. Kwetu alikuwa mlinzi wa fedha zilizonunua ardhi tunayolala juu yake. Sisi nasi hatukujua hata jina la kijiji chake. Kila upande ulikuwa na nusu yake ya mtu, na zile nusu nusura zizikwe bila kukutana.

Mwongozo huu ni kwa viongozi na majirani wa vyama vya ushirika wa nyumba, na kwa mtaa wowote uliojengwa kwa kuchangishana. Nimekuwa katibu kwa miaka mingi na nimesimamia misiba ya wanachama kadhaa, mingine vizuri, mingine vibaya. Nitaeleza yote mawili.

Kwanza niseme kwa nini mitaa yetu inahitaji utaratibu wake. Chukua Chamazi, wilayani Temeke. Familia zilizoondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari ya Dar es Salaam ziliweka akiba kidogo kidogo, akina mama wakiwa mstari wa mbele, zikanunua ekari 30, zikasajili chama cha ushirika wa nyumba, na wanachama wakashiriki wenyewe kufyatua tofali. Mtaa wa namna hiyo hauna mkandarasi wa kumuuliza historia. Nani alipima mpaka, nani aligoma, kisima kilichimbwa kwa pesa za nani: majibu yako vichwani mwa watu ambao sasa umri umewaenda. Akiondoka mmoja, ameondoka na faili lake.

Hatua ya kwanza: habari itoke mdomo mmoja

Mzee mmoja wa kwetu alifariki alfajiri, na mwanawe, kondakta wa daladala, akaisoma habari kwenye kundi la WhatsApp akiwa mlangoni mwa gari, abiria wakimdai chenji. Aliyeituma alikuwa na nia njema. Tangu siku hiyo tuna sheria: hakuna kuandika neno kundini mpaka mwenyekiti au katibu awe amezungumza na familia kwa simu.

Ukimpata ndugu wa karibu, mpe pole, halafu muulize mambo matatu tu. Jina kamili linaandikwaje? Msiba utakuwa wapi? Rambirambi zipokelewe na nani? Jina usilidharau. Mtu anaishi miaka 20 akiitwa Mama Fulani wa nyumba ya kona, siku ya tangazo linatoka jina la kwenye kitambulisho ambalo majirani hawajawahi kulisikia, na nusu ya mtaa hawajui aliyekufa ni nani. Weka yote mawili:

*Uongozi wa chama unasikitika kuwatangazia wanachama na wakazi wote kifo cha ________ (Mama ________ wa nyumba namba ___), mwanachama namba ___, kilichotokea ________. Msiba upo ________. Taarifa za mazishi zitatolewa na familia.*

Sentensi ya mwisho iache kama ilivyo, hata kama unajua saa ya mazishi. Na sababu ya kifo usiiandike. Watakaouliza, waulize wafiwa.

Hatua ya pili: msibani, fanya kazi isiyoonekana

Msiba ni wa familia. Turubai, viti, sufuria, kuni, maji, mtu wa kulala na wafiwa: hayo mtaa unayajua, sina la kuongeza.

La kuongeza ni kuhusu pesa. Kama chama chenu kina mfuko wa kufa na kuzikana, toeni kiasi kilichoandikwa kwenye masharti, kisizidi wala kupungua, hata kama marehemu alikuwa kipenzi cha wote. Mapenzi ya ziada yaingie kwenye orodha ya mchango wa hiari, mbali na mfuko. Nilishaona mtaa ukimtolea mwanzilishi mara tatu ya kiwango, na miezi miwili baadaye akafariki mpangaji asiye na mdomo, akapata kiwango cha kawaida. Mjane wake hakusema kitu, lakini aliacha kuja mikutanoni. Daftari la rambirambi likae kwa watu wawili, mmoja wa familia na mmoja wa mtaa, na kila jioni jumla isomwe mbele ya mzee wa ukoo na isainiwe.

Kama kifo kimetokea nyumbani, mjumbe na mtendaji wa mtaa wahusishwe mapema kwa ajili ya taarifa ya kifo na kibali cha mazishi. Halafu wakumbusheni wafiwa kwamba kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Kifo husajiliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na sheria inataka kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Familia nyingi huzika, hurudi mkoani na ile karatasi ya kibali, kisha miaka mitatu baadaye zinahangaika benki na mahakamani. Mpe kijana mmoja wa mtaa kazi ya kulifuatilia hili pamoja nao. Ni kazi ya kupanga foleni, haina sifa yoyote, na bila hicho cheti hatua ya tano itakwama.

Hatua ya tatu: historia ya marehemu

Hapa ndipo nilipoharibu mimi mwenyewe. Kwenye msiba wa Bibi niliandika historia usiku, peke yangu, nikiamini namjua kuliko wote. Nikasoma mbele ya watu: "Marehemu hakujaliwa kupata mtoto." Dada yake, aliyekuwa ameketi mkekani mbele, aliinua kichwa akasema bila kupaza sauti, "Alizaa. Wawili. Waliondoka wadogo." Sikumbuki nilivyomaliza kusoma.

Kwa hiyo usiandike peke yako. Usiku wa kwanza au wa pili kaa na watu wanne: ndugu wa rika lake, jirani wa ukuta mmoja, mwanachama mwenzake wa tangu mwanzo, na kijana aliyekua mbele ya macho yake. Mbele yenu kiwepo kitabu cha mihtasari ya mikutano. Tarehe ya kujiunga, vyeo alivyoshika, ugomvi wa mwaka ule: vitoke kitabuni, visitoke kwenye kumbukumbu za wenye usingizi. Jambo la familia lithibitishwe na ndugu wawili. Na kabla ya kuisoma hadharani, msomee mzee mmoja wa ukoo faraghani, sentensi kwa sentensi. Maneno kama "hakujaliwa", "aliachika" na "aliugua kwa muda mrefu" yasiingie bila wao kuyataka.

Urefu ni ukurasa mmoja na nusu wa mwandiko, dakika tano au sita. Anza na kuzaliwa na wazazi, maana wazee wanalisubiri hilo na wasipolisikia watanong'onezana. Shule na ajira zipite haraka. Sehemu ya ushirika ndiyo uipe nafasi, kwa kuwa ndugu hawaijui na hakuna mwingine atakayewaambia.

Sasa, usiandike kwamba alikuwa mchapakazi, mcheshi na mpenda watu. Hayo husomwa kwa kila marehemu, hata kwa wale tuliowakimbia. Andika tendo. Kwa Bibi ningeandika hivi:

*Masika ile tuliyokuwa tukihamia, mvua ilitukuta njiani na daftari la akiba. Alivua khanga ya kichwani, akaliviringisha daftari, akaliweka kifuani. Yeye aliloa mpaka miguuni. Tulipofika alilifungua, akahesabu kurasa, ndipo akaomba nguo kavu.*

Aliyesikia hayo ameshajua mweka hazina alikuwa mtu wa aina gani. Na kama alikuwa mkali, sema. Mimi aliwahi kunirudisha nyumbani kwa sababu ya shilingi 50 iliyopungua kwenye mchango, na nilipolisimulia hilo kwenye chai ya arobaini watu walicheka kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Marehemu aliyesafishwa kila kasoro, majirani zake hawamtambui.

Hatua ya nne: mwili ukiondoka mtaani

Mtaa wa ushirika mara nyingi hubaki bila kaburi. Mkristo huenda akasafirishwa kwao, Kagera au Ruvuma, siku ileile ya kuaga. Mwislamu huzikwa haraka, pengine kabla majirani hawajarudi kazini, na kwa familia nyingi za Pwani wanawake hawaendi makaburini. Ukipiga hesabu, nusu ya waliomlilia hawaoni hata udongo.

Kwa hiyo, familia ikiridhia, gari lipite mbele ya ofisi ya chama lisimame dakika tatu. Hotuba haihitajiki. Watu wasimame barabarani, atakayeomba dua aombe, gari liende. Kama safari ni ya mkoani, chama kipeleke watu wawili, na mmoja awe mwanamke. Wanaporudi waje na picha ya kaburi, jina la kijiji, na namba ya simu ya ndugu atakayekuwa kiungo. Bila namba hiyo, baada ya mwezi hutakuwa na wa kumuuliza chochote.

Kama aliyefariki ni mume na mkewe ni Mwislamu, kumbuka eda ni miezi minne na siku kumi. Shughuli yoyote ya chama inayomtaka mjane atoke ndani isubiri, au mfuateni nyumbani kwake, tena wanawake kwa wanawake.

Hatua ya tano: hesabu yake isomeke

Najua wengi wataruka sehemu hii waende kwenye mti na kibao. Tafadhali usiruke. Hakuna namna ya kumuenzi mwanachama wakati watoto wake wanazungushwa kuhusu nyumba aliyoijenga.

Fungua faili lake wiki ya kwanza baada ya matanga. Tafuta fomu ya mrithi, ile aliyojaza akijiunga, akitaja nani akabidhiwe hisa na akiba zake. Kama haimo, andika kwenye muhtasari wa bodi kwamba haimo, na msiitengeneze. Kisha mweka hazina aandae taarifa ya ukurasa mmoja: hisa, akiba, mkopo uliobaki, malipo ya nyumba yaliyokwishafanyika, ada anazodaiwa. Taarifa hiyo ikabidhiwe familia kwa maandishi, mbele ya mashahidi, na ipokelewe kwa saini. Sisi tumejiwekea siku 14.

Kuandikwa kwenye fomu hakumalizi madai ya warithi wengine. Wakikubaliana, wataleta muhtasari wa kikao cha ukoo, cheti cha kifo, na uamuzi wa mahakama uliomteua msimamizi wa mirathi. Mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila kwa kawaida huanzia Mahakama ya Mwanzo. Wasipokubaliana, bodi isijifanye hakimu. Ishike masharti ya chama, imwite ofisa ushirika wa halmashauri, na isimkabidhi mtu yeyote nyumba kwa kuonewa huruma. Vyama vyetu viko chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kwa hiyo familia ikiona inachezewa, ina pa kwenda.

Kuna sharti moja ambalo ni la kwetu na nawashauri mlichukue: mpaka mirathi iishe, mjumbe wa bodi, mwenzi wake au mtoto wake haruhusiwi kununua, kupanga wala kutunziwa nyumba ya marehemu. Tulipolipitisha, wajumbe wawili walinuna, na hapo nikajua tumefanya vema.

Vitu vya ndani viorodheshwe siku ndugu wanapoondoka. Orodha iwe na nakala mbili, kufuli jipya, ufunguo mmoja kwa familia na mwingine kwenye bahasha iliyosainiwa juu ya gundi, ofisini.

Hatua ya sita: karatasi na picha, kabla hazijawa kuni

Baada ya msiba huja siku ya kusafisha nyumba. Ndugu wamechoka, nauli za kurudi zimekatwa, na kila kinachofanana na takataka kinakwenda motoni. Wahi kabla ya hapo. Waombe ruhusa kwa maandishi, hata mistari mitatu tu, kwamba chama kinaomba kuona na kupiga picha karatasi zinazohusu ushirika, na kwamba asili zinabaki kwao.

Madaftari ya Bibi yalikuwa manne, kaunta buku zenye jalada gumu, ndani ya mfuko wa Rambo chini ya kitanda. Kurasa za mwisho za daftari la pili hazikuwamo. Tulizikuta kwa muuza karanga, baadhi zikiwa zimeshaviringishwa. Safu ni nyembamba, za biki ya bluu, majina kushoto, siku juu. Aliyelipa ana tarakimu. Asiyelipa ana nukta ndogo, hana sifuri. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akasema sifuri inamaanisha hana, na yeye hajui kama hana. Anajua bado hajaleta. Pembeni mwa baadhi ya kurasa kuna doa la mafuta ya maandazi aliyokuwa akiuza huku akipokea akiba. Doa hilo tumelipiga picha pia.

Namna ya kupiga: kaa barazani penye kivuli, asubuhi ya saa nne hivi, si juani. Weka karatasi juu ya kanga isiyo na maua mengi, simu iwe sambamba na karatasi, taa ya kamera uizime. Piga mbele na nyuma, hata kama nyuma ni tupu. Picha za albamu zilizogandia kwenye plastiki usizibandue. Zipige zikiwa humo humo. Ukitaka kuandika nyuma ya picha, tumia penseli, kwa sababu biki huacha mbonyeo unaoonekana mbele na wino wake huvuja. Na nakuomba, usipeleke picha ya zamani dukani ikalaminishwe. Ule moto na ile gundi havirudi nyuma. Laminisha nakala.

Nyuso zisizojulikana zina dawa yake: chapisha nakala kubwa, andika namba juu ya kila kichwa, kaa na wazee wawili watatu Jumapili, mkiwa na kahawa. Watabishana. Andika ubishi wenyewe pia.

Hifadhi sehemu tatu: simu au kompyuta ya ofisi, kadi ndogo kwa ndugu wa marehemu, na nakala nyingine kwa mtu anayeishi nje ya mtaa. Na yapo ya kufichwa. Kadi za hospitali, barua za mapenzi, na kurasa zinazoonyesha wadaiwa ambao bado wako hai visitundikwe popote wala kutumwa kundini.

Hatua ya saba: sauti za waliobaki

Anza na mkongwe kuliko wote na mgonjwa kuliko wote. Vijana watakuwepo mwakani. Mtu mmoja kwa siku, dakika 30 hadi 40, nyumbani kwake, simu ikiwa imezimwa laini ili isiite katikati. Iweke mezani, karibu kiasi cha mkono mmoja kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isigonge. Feni izimwe. Anza kwa kutaja tarehe na jina lake, na yeye aseme kwa sauti kwamba amekubali kurekodiwa.

Usimwambie, "Niambie marehemu ulimpendaje." Atakupa hotuba ya msibani. Uliza vitu vinavyoshikika:

Mara ya kwanza ulimwona wapi, amevaa nini, amebeba nini?
Ni jambo gani mligombana, na nani alianza kumsalimia mwenzake?
Siku ya kuhamia hapa, nyumba yake ilikuwa na nini na haikuwa na nini?
Alikuwa akisema neno gani mara kwa mara mpaka likawachosha?
Nani alikuwa akila kwake bila watu kujua?

Swali la mwisho ndilo lililotutoa machozi. Vijana wanne, sasa wana familia zao, kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Akinyamaza baada ya jibu, nyamaza naye. Hesabu moja mpaka kumi moyoni. Mara nyingi kinachofuata ndicho ulichokijia.

Hatua ya nane: siku ya kumbukumbu

Kwanza tenganisha ibada na shughuli ya chama. Kisomo, dua, misa au ibada ya shukrani ni vya familia na viongozi wao wa dini. Hata arobaini yenyewe usiidhanie, kuna Waislamu wanaoifanya na wasioifanya. Uliza, fuata, peleka sukari na mchele. Siku ya chama iwe nyingine, isiyo na kanuni za dini, ili kila mkazi aingie bila kujiuliza kama anastahili kuwepo.

Yetu tuliifanya Jumamosi asubuhi, kwa saa moja na nusu. Usafi wa mtaa ulianza, kwa kuwa Bibi hakuvumilia mfereji uliojaa. Kisha baraza chini ya mwembe: watu watano waliokwishaambiwa mapema, dakika nne kila mmoja, tendo moja kila mmoja. Picha zilitundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kwa urefu ambao mtoto wa darasa la pili anaweza kuziona. Daftari la kwanza lilikuwa mezani, na watu walipanga foleni kutafuta majina ya mama zao. Hiyo foleni ilichukua muda kuliko hotuba zote. Chai na maandazi yalipikwa kwa kipimo chake, na yule binti aliyefundishwa naye alisema bado hayajafanana.

Mshereheshaji wa kukodi hana kazi hapa, wala spika. Diwani akija, apewe kiti na dakika tatu, kabla ya chai. Kuhusu fulana zenye picha ya marehemu, mimi sizipendi: rangi hufifia usoni kwanza, na mwaka ukiisha mtu anapigia deki sura ya mwenzake. Familia ikizitaka, sawa, lakini pesa ya chama isiende huko.

Hatua ya tisa: kitu kitakachobaki

Chagueni kimoja. Mitaa inayochagua vitatu humaliza nusu ya kila kimoja.

Mti ni rahisi kupanda na ni mgumu kutunza. Pandeni mwanzoni mwa masika au vuli, shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza. Ukae mbali na misingi, mabomba na shimo la choo, na uzungushiwe uzio, kwa sababu mbuzi hawajui marehemu. Mwarobaini huvumilia ukame, mwembe huleta wezi wa maembe. Sisi tuliona heri wezi wa maembe. Kazi halisi ni Januari na Februari, jua likichoma: andikeni ratiba ya ndoo, nyumba kwa nyumba, ibandikwe mlangoni mwa ofisi.

Kibao kisiwe cha shaba wala cha chuma. Wanunuzi wa vyuma chakavu watakipima kwa kilo kabla ya mwaka kuisha. Tengenezeni cha zege: fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 40, unene wa tano, saruji moja kwa mchanga mbili na kokoto ndogo tatu, na wavu mwembamba katikati. Likianza kukaza, baada ya saa mbili hivi kutegemea jua, andika herufi kwa msumari ukifuata mstari wa rula. Kabla ya hapo maneno yaandikwe kwenye karatasi na ndugu wawili wasaini chini yake, kila herufi. Sisi kibao cha mzee mmoja tulikosea herufi moja ya ukoo wake, tukakivunja mbele ya mwanawe na kuanza upya. Lifunike gunia, limwagilie siku saba. Bibi alitufundisha hilo kwenye tofali: asubuhi na jioni, na usimwamini mtu anayesema jana alimwagilia.

Njia kuitwa kwa jina lake ni heshima kubwa yenye safari ndefu. Tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, majina ya barabara na namba za nyumba vimo kwenye mfumo wa serikali, kwa hiyo kubandika kibao usiku hakutoshi. Anzeni mkutano wa mtaa, muhtasari uende kata, kisha halmashauri. Angalieni kwanza kama njia hiyo tayari ina jina. Yetu ilikuwa nalo, jina la mti ambao ulishakatwa, na tumeliacha.

Mwaka ukigeuka

Mpigieni simu yule ndugu kiungo. Mwambieni mti umefika wapi, mtumieni picha. Kama mirathi haijaisha, muulizeni imekwama wapi, na kama ni karatasi ya chama, mpelekeeni wiki hiyohiyo.

Kisha itisheni mkutano mfupi wa wanachama tarehe hiyo hiyo, chini ya mti huohuo, na mweke mezani fomu za mrithi. Wengi wetu tulizijaza tukiwa vijana, tukawaandika watu ambao wameshatutangulia, au tukaacha nafasi wazi. Kila mmoja asome yake, airekebishe, isainiwe na mashahidi wawili, irudi kwenye faili. Mwaka jana tulikuwa watu 60 na kitu na biki mbili, tukamaliza giza likiingia. Leteni biki za kutosha.